Mwiba Nilioung'oa Kwenye Tuta la Reli

Ukikuta mwiba umekwama kwenye tairi, usiuguse mpaka uwe na solusheni, ile gundi ya viraka, mkononi. Mwiba ukikaa, upepo unakaa. Ukitoka, upepo unaufuata. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza nilipomaliza darasa la saba nikaanza kujifunza kuziba pancha sokoni Kiboko. Nimesahau mengi ya darasani, lakini hilo sijalisahau. Hata siku ile nilipolivunja nilikuwa nalikumbuka vizuri sana.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kwaya yetu ya kanisa ilitutuma watu watatu tupeleke barua ya mwaliko kwa kanisa moja la mbali, tukifuata tuta la reli ya zamani. Reli yenyewe ilikuwa imenyooshwa ikapitishwa kwingine. Vyuma na mataruma vikang'olewa, likabaki tuta la kokoto ambalo watu waliligeuza njia. Mimi niliendesha baiskeli ya mjomba, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Wa pili alikuwa kijana karani, mwenye baiskeli mpya ya gia tatu. Wa tatu alikuwa msichana aliyetuanzishia nyimbo. Yeye hakuwa na baiskeli, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alikata shauri: kwenda abebwe na karani, kurudi abebwe na mimi.

Hiyo kurudi niliiota wiki nzima. Ningepunguza mwendo kwenye kalvati kubwa, nimwambie yaliyo moyoni. Mawazoni nilikuwa nimeshajenga nyumba ya mabati, nimepanda michungwa, na binti yetu wa kwanza nimempa jina la mama yangu, kama ada yetu inavyotaka.

Lakini kwanza ilibidi niione hiyo kwenda.

Njia ilikuwa mbaya. Palipokuwa na mataruma palibaki mabonde madogo madogo, baiskeli ikaruka kama mbuzi, meno yakagongana. Upepo ulitoka upande wa milima ya Chyulu ukatupiga usoni na vumbi jekundu. Nilikuwa nyuma yao, na kila kitu nilikiona.

"Karani, pole pole, utaniangusha!"

"Si unishike?"

Msichana akamshika shati. Mimi nikameza vumbi.

Tukafika mahali daraja lilipong'olewa. Ikabidi tubebe baiskeli begani, tushuke kwenye mchanga wa mto mkavu na kupanda ng'ambo. Ya karani ilikuwa nyepesi, akapanda anapiga mluzi. Mimi niliteleza mara mbili.

"Fundi," akaniita kutoka juu, "umebeba baiskeli ama baiskeli imekubeba?"

Msichana alicheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, na hicho ndicho kilichoniuma: ningekipenda kama kingekuwa changu.

Kanisani tulipokelewa na mama mmoja mzee aliyetupakulia isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri. Akamwangalia karani, akamwangalia msichana. "Na huyu ndiye bwana yako?"

Msichana alicheka tu, akaendelea kula. Hakukataa! Nilingoja akatae mpaka isyo ikapoa sahanini mwangu. Halafu akanigeukia kwa upole. "Fundi, usikasirike. Kurudi pia nitaenda na karani. Naona baiskeli ya mjomba wako imechoka."

"Sawa dada," nikasema.

Nikatoka nje. Baiskeli ya gia tatu ilikuwa imeegemea ukuta, ikimetameta. Kwenye tairi la nyuma niliona kichwa cha mwiba wa mgunga, kimekatika sawa na mpira. Nikaushika kwa kucha. Nikauvuta. Upepo ukaanza kutoka polepole, ssss, kama mtu anayeambia mwenzake anyamaze.

Karani alipokuja kuangalia, tairi lilikuwa chini. "Fundi, una solusheni?"

"Nimesahau," nikasema. Ilikuwa mfukoni, na viraka viwili.

Basi msichana akapanda kwangu. Nilikanyaga kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, tukamwacha karani akisukuma yake juani. Lakini kila baada ya muda kidogo nilisikia baiskeli ikiyumba, kwa sababu aliyebebwa alikuwa anageuka kuangalia nyuma. Tulipofika kwenye kalvati nikapunguza mwendo. Nikafungua mdomo.

"Simama," akasema yeye. "Hatuwezi kumwacha, na jua hili."

Tukangoja. Karani alifika shati limelowa, midomo imepasuka, na badala ya kulalamika akatabasamu. "Mnangoja nini? Endeni, nitafika tu."

Angenitukana, pengine ningevumilia. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa solusheni.

"Kumbe unayo?" msichana akauliza.

Nikaivua tyubu, nikatafuta tundu kwa mate, nikakwaruza, nikapaka. Msichana alichukua tairi akapitisha vidole ndani, pole pole, kuzunguka lote. Baba yake alikuwa na baiskeli; kazi aliijua.

"Mwiba uko wapi?"

"Umeanguka labda," karani akasema.

"Mwiba wa mgunga hauanguki. Unang'olewa."

Nikasema, "Niliung'oa mimi."

Karani alinitazama, kisha akacheka mpaka akaketi kwenye kokoto. "Wewe! Na mimi nilidhani wewe ni mtu wa kuimba tu!"

Msichana hakucheka. "Mnanigawana kama debe la maji," akasema. "Kwenda huyu, kurudi yule, huyu anang'oa, yule anasukuma. Nani aliniuliza?"

Akaichukua baiskeli ya mjomba wangu. Akapitisha mguu chini ya chuma cha juu, kama watoto wanavyojifunza, akakanyaga. Iliyumba mara tatu, ikanyooka, ikaenda.

Nilimaliza kiraka, nikajaza upepo, nikapanda nyuma ya karani. Mbele yetu sketi yake ilipepea juu ya tuta, ikizidi kuwa ndogo, na hata gia tatu hazikutufikisha kwake.

"Unampenda?" nikauuliza mgongo wa karani.

Akakanyaga, tukavuka mabonde kadhaa. "Wewe je?"

Niliitazama ile baiskeli nzito iliyochoka, ikimbeba peke yake, na nikaionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea karani.