Ampli ya Rock na Hotuba ya Chama
Enzi za Zaire, binamu yangu, mpiga gitaa wa mtaa wa Tshopo, alijaribu ampli yake ya lampe, zile taa za kioo za ndani, na spika moja baada ya nyingine, mpaka moja kuukuu ya sinema ikampa mngurumo wa rock aliouota. Wiki hiyohiyo kiongozi wa chama akaja kuazima ampli na spika hiyo kwa ajili ya hotuba.

"Citoyen," binamu akamwonya, akimwita "raia" kama ilivyoamriwa enzi hizo, "hii itanguruma tu, batu hawatasikia maneno."

"Bon, iko na nguvu. Leta."

Ilinguruma kweli. Hatukuambulia neno, tukapiga makofi kama kawaida.

Kiongozi akashuka akinyoosha abakosti yake, lile koti la wakubwa wa chama. "Leo batu walinisikia muzuri. Donc, hii yote inabakia kwetu."

Binamu alipewa vyombo vya zamani vya chama, vyenye sauti safi mno kwa rock. Akahamia kupiga gitaa kanisani, ambako maneno yalitakiwa yaeleweke.