Viti Kumi na Viwili

Kabla sijamwona Bibi nilisikia viti vikiburutwa sakafuni, kimoja baada ya kingine, na katikati yake pumzi za mtu mzee anayejilazimisha. Nikajua nimechelewa.

Ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya, zile sala za nyumba kwa nyumba zilizomletea majirani sebuleni, huku Kibamba alikobaki peke yake tangu Babu afariki. Lakini jumuiya ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa. Tangazo lilipita kwenye kundi la simu janja, na Bibi ana kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu. Mama alinituma nimwambie tangu Jumapili. Nikawa naahirisha; niliogopa kumnyang'anya kitu pekee alichobaki akikingoja.

Nilisimama kizingitini na barakoa yangu. Viti kumi na viwili vya plastiki, vikombe chini ya kitambaa cheupe, harufu ya maandazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pita ndani, mume wangu, unishikie hili benchi."

Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kama bibi wengi na wajukuu wao wa kiume. Sikupita. Nikamwambia watu hawaji.

Akasimama wima. "Nani kafa?"

Kwake jumuiya haikuwahi kuvunjwa na kitu kingine isipokuwa msiba. Nikamweleza kwamba hajafa mtu, ni ule ugonjwa, na wazee ndio unaowawahi. Akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa kuhesabu watu wa sensa, maana nimeganda mlangoni. Kisha utani ukamwisha.

"Unaniogopa mie?"

"Najiogopa mwenyewe, Bibi."

Asubuhi ile ofisini nilikuwa nimeambiwa kwamba mwenzangu wa meza moja yuko kwenye oksijeni. Koo lilikuwa likinikereketa njiani tangu kituo cha Kimara, na sikujua kama ni vumbi, au hofu, au ndio wenyewe umefika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia nilipokohoa. Mara moja tu.

Bibi akarudi nyuma hatua mbili. Sikuwahi kumwona akinikwepa.

Akakaa kiti cha mbali kabisa, akatoa rozari, akaanza. Alipofika nusu ya sala akanyamaza, kama ilivyo desturi, ili waliokuja wamalizie. Viti vilikuwa kimya. Nikamalizia mimi, pale nje, barakoa ikiwa imelowa pumzi. Tukaenda hivyo punje kwa punje, naye kila mara akingoja zaidi ya ilivyohitajika. Nadhani alikuwa anasikiliza kifua changu.

Bibi humsindikiza mgeni hadi kwenye mashine ya kusaga, hata mvua ikinyesha. Hujitanda kanga akatoka. Siku hiyo aliweka maandazi kwenye kiti cha karibu na mlango, akarudi alikokuwa, akangoja niyachukue.

"Ukifika unipigie," akasema. "Na kesho. Na kesho kutwa."

Sikuwa nimemaliza kuvuka uwanja wake niliposikia mlango ukifungwa nyuma yangu, kisha komeo.