Mbwa Aliyekuja Nilipomwita

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Makwale nikiwa na koti jipya la kaki, na cheti ndani ya bahasha. Bwana Mifugo wa Tarafa, mkuu wangu wa kwanza, hakuifungua bahasha. Alinipa mti wa kitanzi, yaani fimbo ndefu yenye kamba mbele ya kumnasa mbwa shingoni, akasema, "Mbwa hawajasoma hicho cheti. Nasa, bana mguu wa nyuma, mimi nichome."

Asubuhi ile tulichanja mbwa wa kijiji kizima dhidi ya kichaa. Walilia, walijikojolea, mmoja alivunja jino kwenye fimbo. Tulirudi tumeridhika. Mwaka uliofuata, waliposikia tu pikipiki yetu, wote walikimbilia mashamba ya kakao na hawakutoka. Mkuu akaandika kwamba mbwa wa Makwale ni wakorofi.

Nilihamishiwa Katumba Songwe. Huko Afisa Mifugo wa Kata alikuwa mama mtu mzima asiyependa fimbo. "Huyo si mkorofi, anaogopa," aliniambia. "Vua koti kwanza. Linanuka josho." Kweli lilinuka dawa ile tunayowaogeshea ng'ombe ili kupe wafe, na kwa mbwa harufu hiyo ilikuwa habari mbaya. Alinifundisha kukaa chini, ubavu umemwelekea mbwa, bila kumtazama machoni. Unamwachia njia ya kutokea. Unadondosha chakula na kunyamaza. Radi zikipiga akajificha uvunguni, humvuti. Unamwacha huko mpaka atoke mwenyewe.

Siku moja nimekaa hivyo nyuma ya jiko la watu, wafanyabiashara waliotoka kuvuka mto Songwe wakasimama kunitazama.

"Bwana mifugo, umekuja kuchanja au kuposa?"

"Anaposa," yule mama akawajibu. "Mahari ni usipa."

Usipa ni dagaa wa ziwa letu, na kwa kweli nilikuwa nao mfuko mzima. Yule mbwa alichanjwa bila kamba. Namshukuru Mungu kwa mama yule, maana alinipa ufundi uliobeba miaka yangu yote iliyobaki kazini. Alinipa pia kiburi, ingawa hilo si kosa lake.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Matema. Bibi Tumpe, mjane aliyeishi karibu na ufuko, alikuwa na mbwa jike aitwaye Popi. Tangu mdogo Popi alipigwa mawe na waanika samaki, kwa hiyo mkono wowote uliopanda juu ulimtosha kukimbia. Hakuwa na chanjo. Bibi hakuweza kumshika na mimi sikutaka kumnasa. Nikaanza kwenda kila wiki.

Wiki za kwanza alikula nilipokwisha kuondoka. Baadaye alikula nikiwapo. Nikamzoesha sauti yangu, kisha mkono wangu begani, kisha kufinywa ngozi ya shingo kidogo, pale sindano inapoingia. Siku moja akanilalia pajani, Bibi akitutazama kutoka mlangoni. "Ndaga, tata," alisema, ndivyo tunavyomshukuru mtu wa kuheshimiwa. "Hata mimi hajawahi kunilalia hivyo."

Siku hiyo chanjo ilikuwa kwenye kasha la barafu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Popi alikuwa ametulia. Ningeweza kumchoma. Lakini nilihisi bega lake likitetemeka kidogo, nami nilitaka achomwe bila kutetemeka kabisa, nionekane nimefanya kazi isiyo na doa. Nikamwambia Bibi, "Bado kidogo. Mwezi ujao." Nikafunga kasha.

Kabla mwezi haujaisha, mbwa mwenye kichaa aliuma watu kijiji cha jirani. Ikaja amri: mbwa asiye na kadi ya chanjo auawe. Daktari wa Mifugo wa Wilaya alikuja mwenyewe na mtu wa bunduki. Tulipofika kwa Bibi, Popi alikuwa amejificha katikati ya migomba.

"Kadi yake iko wapi?"

"Hana, Daktari. Dawa ninayo hapa, nimchome sasa."

"Chanjo ya leo hailindi leo. Unalijua hilo."

"Basi tumfungie ndani. Nitawajibika mimi."

Daktari alikuwa amechoka. Hakuwa mtu katili. "Nikimwacha huyu," alisema, "niwaambie nini wale ambao mbwa wao wamekufa asubuhi hii?" Akatazama migomba. "Nasikia wewe anakuja ukimwita. Mwite."

Nilikaa chini, ubavu, kama siku zote, nikamwita. Alikuja na tumbo karibu na ardhi, mkia ukipigapiga. Akaweka kichwa pajani kwangu. Nilimshika bega, nikamvisha kamba, nikamkabidhi kwa mtu wa bunduki. Safari hiyo bega halikutetemeka.

"Kazi safi," Daktari aliniambia.

Sasa nimestaafu. Nina afya, nina watoto, na kanisani wamenipa uzee wa kanisa. Kila siku nashukuru. Vijana huniletea mbwa wanaotetemeka, nami huwaonyesha yote niliyofundishwa, ila kwanza nawauliza kadi. Kama hana, achomwe leo, hata kama atalia. Utulivu tutautafuta baadaye, mbwa akiwa hai. Wengine huniona mkali.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kwa Bibi Tumpe kutubu. Nilimweleza kwamba siku ile chanjo ilikuwa ndani ya kasha la barafu, jambo ambalo hakulijua. Nilimwambia kwamba ningeweza, na kwamba niliacha kwa sababu ya sifa. Aliendelea kuchambua mchele wake mpaka nikamaliza.

"Nimekusamehe, tata," alisema. "Tumeomba pamoja miaka yote hii, nitaachaje kukusamehe?" Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. "Lakini siku ile na mimi nilimwita. Nilisimama nyuma ya nyumba nikamwita taratibu, aje nimpeleke mlimani kwa mdogo wangu. Aliinua kichwa akanitazama. Halafu akasikia sauti yako."