Mzinga Usiobatizwa

Mjomba wangu, padri wa jeshi, alikuwa mwoga. Nalisema mapema, kabla hamjasikia hotuba za wakubwa. Vita vilipoanza, kombora la kwanza lilimkuta chini ya altare, na misa ikaendelea humo humo, askari wakiitikia huku wamelala kifudifudi. Wakampachika jina Baba Uvungu. Lakini hakutoroka. Kila alfajiri alitoka akitetemeka, akawaungamisha vijana mmoja mmoja, na waliokuwa wanakufa aliwashika mkono mpaka mwisho.

Jambo moja tu alilikataa: kubariki mzinga. Kamanda alimwamuru mbele ya kikosi kizima.

"Mzinga haujabatizwa, afande," mjomba akajibu, meno yakigongana.

"Gari la askofu lilibatizwa lini? Mbona mlilibariki?"

"Gari la askofu likiua, afande, huwa ni ajali."

Kwa jibu hilo alivuliwa nyota zake, akapelekwa mstari wa mbele kabisa, kusiko na uvungu wa kujificha. Vita vikaisha hajabariki hata risasi.

Alikufa mzee, kitandani, kwa kikohozi. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba walikuwa wanampenda mno. Jeshi likamrudishia nyota, maana maiti habishi, na kamati ya ukumbusho, baada ya vikao na soda nyingi, ikaamua kaburi lake liwekewe kitu cha kishujaa. Wakaleta mzinga. Ule ule. Wakaupaka rangi, wakamwomba askofu aje aubariki.

Mama yangu, fundi cherehani, dada wa marehemu, aliposikia aliacha suruali ya mteja na mguu mmoja.

"Alichokataa akiwa hai, watamfanyia akiwa amelala? Haki ya Mungu, hawaubariki!"

Nikamkumbusha kwamba mwenye nguvu mpishe. Akaniambia basi nimpishe yeye, nilikuwa nimesimama mlangoni.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. "Shujaa asiyejua woga" ilirudiwa mpaka nikaona aibu kwa niaba ya marehemu. Askofu alipoinua kinyunyizio cha maji ya baraka, mama akajitokeza, akafungua mwavuli juu ya mzinga. Mikono ilimtetemeka kama ya kaka yake.

"Mama, kwani kuna mvua?" ofisa mmoja akafoka.

"Iko mkononi mwa baba askofu."

Askofu akautazama mwavuli. Kisha akauliza, "Wewe umebatizwa?"

"Siku moja na marehemu."

Basi akambariki yeye, akamlowesha mpaka kilemba. Mzinga haukupata hata tone.