Bibi Alipokunja Uso

Nianze na upuuzi wangu, maana nikiuficha mama atausema: siku mdomo wa bibi ulipokwenda upande, mimi nilimkunjia uso vilevile, na ulimi nikatoa.

Usinihukumu bado. Leo nimetoka skuli, nikakuta jamvi la karafuu mbichi limetandikwa uani, harufu inawasha pua, na msimu ule wote ukanirudia. Kwetu Pemba bibi na mjukuu ni watani. Wangu akiniita mume wake, mume mvivu asiyejua kuchambua karafuu, nami nikimtisha kwamba nitaoa mwengine mwenye meno. Kukunjiana uso ndiyo iliyokuwa ligi yetu, na yeye ndiye bingwa.

Basi siku ile, baada ya alasiri, tumekaa jamvini, tunatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mdomo wake ukainama kushoto. Nikamjibu. Hakucheka. Akasema, "Mume wangu," lakini maneno yakatoka mazito, kama ana uji wa moto kinywani. Karafuu zikamwagika kutoka mkono wake wa kushoto, na yeye hana habari.

Utani ukanikauka. Mwalimu alitufundisha haya, mimi nikiwa nyuma ya darasa naigiza mgonjwa: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuparaganyika, hata moja tu likitokea, usingoje.

"Bibi, inua mikono yote miwili."

Ukapanda mmoja.

Nikamwita mama. Jirani yetu naye akaingia. "Huo upepo mbaya," akasema. "Msugueni mafuta ya karafuu, alale kidogo."

Mama akanitazama mimi, mwongo wa nyumba nzima. "Wewe, kama huu ni mchezo wako..."

"Si mchezo, mama. Ni kiharusi. Tukimwacha alale tutamkosa."

Akamtazama bibi, kisha akamgeukia jirani. "Mafuta baadaye. Mwambie mumeo awashe gari."

Hospitalini daktari alisema, "Mmewahi." Sijapata kusikia neno tamu kama hilo, wala matokeo yangu ya mtihani hayajapata kuniletea.

Vile vidole vilivyorusha makonyo kama panzi havina tena kasi hiyo. Mkono wa kushoto bado mzito, na ligi yetu imekwisha. Lakini kejeli zake zimerudi zote.

Siku aliporudi nyumbani nilijificha nyuma ya jiko kwa haya. Mama akanifuata, akasema: "Mkeo anakwita. Nenda, na huo uso uwe umenyooka."