Dirishani, Upande wa Miwa

"Nikiingia mimi, nani atatoka?"

Mama mmoja aliniuliza swali hilo nje ya darasa, mimi nikiwa na chaki mkononi, yeye akiwa na jembe begani. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuo kikuu na sikutegemea swali la kijijini linishinde. Nilimjibu kwamba hatatoka mtu, elimu ni ya wote. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia, kisha akarudi dirishani kwake.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, cha ujamaa, kwenye njia ya kutoka Mikumi kwenda Kidodi, si mbali na miwa ya Ruhembe. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, na sisi wanafunzi tulitawanywa wakati wa likizo ndefu kwenda kufundisha. Mimi nilizaliwa Kilosa mjini, Magomeni. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na babu aliletwa kutoka mbali kukata mkonge. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu, na mila tulizokuwa nazo tuliziokota kwa majirani, moja huku, moja kule. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa wilaya ile ile, na bado nilikuwa mgeni.

Darasa lilianza saa kumi jioni, watu wakitoka shamba la kijiji. Msimamizi wangu aliagiza kwamba nikiingia wanafunzi wasimame waniamkie. Siku ya kwanza walisimama kweli, wazee wenye mvi, wakanisubiri. Ilibidi nianze mimi, shikamoo mmoja mmoja, benchi kwa benchi, na wao marahaba, marahaba, hadi nyuma kabisa. Tangu siku hiyo robo saa ya kwanza ilikwenda kwenye salamu.

Nilihoji kila kitu. Nilihoji kwa nini wanaume wakae mbele. Nilihoji kwa nini mwenyekiti wa kijiji atuhutubie juu ya usawa akiwa amekalia kiti pekee chenye mgongo. Na nilihoji kwa nini yule mama asimame nje kila siku, kwenye dirisha lisilo na mbao, upande wa miwa, ameegemea ukuta, akichora herufi kwa kijiti kwenye udongo wa chini ya dirisha. Hakutazama ndani hata mara moja. Alisikiliza tu.

Nilijua sababu yake ya kutaka kusoma, maana hakuificha. Mwanawe wa mwisho alikuwa jeshini na alimwandikia barua. Barua zilifikia kwenye duka la kijiji, na muuza duka ndiye aliyezisoma, kwa sauti, mbele ya wanunuzi. "Barua yangu inawafikia watu kabla yangu," aliniambia. "Nataka siku moja niifungue mwenyewe, nikae nayo."

Nikahitimisha kwamba anatengwa. Ni mjane, ni maskini, waliomo ndani wamemfanya ajione hastahili benchi. Chuoni tulikuwa na maneno mengi ya jambo hilo, na nilikuwa na hamu ya kuyatumia.

Siku ya pili baada ya swali lake nilitoka nje katikati ya kipindi, nikamshika mkono, nikamvuta hadi mlangoni. Nilikuwa nimeshaanza hotuba. Sikuimaliza. Mwanamume mmoja wa benchi la mbele, mpole, mwanafunzi wangu hodari wa kuitikia kila nilipowasomea, alinyanyuka, akamtazama mama yule nusu sekunde, akaruka dirishani. Ubao ulianguka nyuma yake. Mama alijifunika kanga uso mzima, akachuchumaa kizingitini akielekea ukutani. Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilitazama chini, na nikaelewa kwamba lililofanyika lilikuwa la aibu na kwamba nimelifanya mimi.

Aliyenifungua macho alikuwa mwanamke mmoja wa benchi la nyuma, muuza karanga, aliyebaki kunisaidia kusimamisha ubao.

"Yule ni mkwewe, mwanangu. Kamwoa binti yake. Hawaonani hao. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini."

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Tulidhani unajua. Kwani chuo kikuu wanawafundisha nini, kama hata mama mkwe hamumjui?"

Kwa hiyo hakuwa ametengwa na mtu. Alikuwa amemheshimu mkwewe, naye mkwewe alimheshimu, na kati ya heshima zao mbili nafasi ya kukaa ilikuwa moja. Ningependa kusema nilipokea jambo hilo kwa unyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Niliona mila ni ukuta tu, na tofauti yake na kuta nyingine ni kwamba huu watu wameupaka rangi. Mpaka leo sijaiacha kabisa hasira hiyo. Lakini mama hakuja tena dirishani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini ya dirisha mvua ikafuta herufi zake. Hasira yangu haikuwa na msaada wowote kwake.

Nilinunua kuku jike, kwa ushauri wa muuza karanga, nikampelekea kuomba radhi. Alimpokea kuku, akanikaribisha kigoda, akaniambia hana kinyongo ila darasa basi. Nilipendekeza mkeka uning'inizwe katikati ya chumba. Alicheka kidogo. Paa ni moja, alisema, na mkeka haubadilishi paa. Nikamwomba msimamizi kipindi cha pili, cha asubuhi. Alikataa, maana vitabu vilikuwa seti moja na asubuhi vilitumika kijiji cha jirani.

Wiki ile ile yule mkwe alinifuata njiani, akavua kofia. Kwa umri ni mimi niliyepaswa kumwamkia, nikamwamkia. Akaniambia amekuja kuaga darasa.

"Mimi kusoma najua, mwalimu. Nilijifunza zamani kwa mnyapara wa mkonge. Nilikuwa najaza idadi tu, mwenyekiti alitaka watu wengi."

Mimi, mhoji wa kila kitu, sikutaka kudanganywa. Nilimpa kitabu asome. Alikifungua, akasoma ukurasa wa kuchemsha maji, wote, bila kukwama, hata pale pa kupumzika akapumzika. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Nikamfuta kwa kalamu, nikamshukuru. Moyoni nilimwona mtu aliyekuwa akimzibia mwenzake nafasi bure.

Kesho yake mama aliingia kwa mlango. Hakuna aliyempigia makofi, walisogea tu kumpisha kwenye benchi la nyuma, akakaa na daftari magotini. Alijifunza polepole na hakusahau alichojifunza. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala upande, kama mimea iliyopigwa na upepo. Kabla sijarudi chuoni barua ilikuja kutoka jeshini. Muuza duka alishanyoosha mkono kuifungua, mama akaichukua, akaiweka ndani ya kanga, akaondoka. Wanunuzi walilalamika kama watu walionyimwa habari ya redio. Tulimwona amekaa pembeni ya miwa hadi jua likaisha. Hatukujua barua ilisema nini, na hakutuambia. Kwenye mtihani alifaulu.

Miaka mingi ilipita kabla sijakutana na binti yake, stesheni ya Kilosa, sote tukisubiri treni. Yeye ndiye aliyenitambua. Tulizungumza juu ya mama yake, aliyekuwa amekwishafariki, na juu ya mumewe, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa kijiji. Nilisema ilikuwa bahati kwamba mume alijua kusoma tangu mwanzo.

Alinishangaa. Mumewe, alisema, siku anaaga darasa alikuwa hajui hata herufi moja. Ukurasa ule aliusoma kwa kichwa, kwa sababu darasani tuliuitikia pamoja wiki mbili nzima. Na tangu mama alipokaa kwenye benchi, kila jioni daftari lake lilipita mkononi mwa binti hadi kwa mkwe. Mkwe alinakili chini ya mistari ya mama, daftari likarudi, na mama akasahihisha kwa penseli, vema na kosa, hadi mwisho wa kitabu. Hawakuwahi kukaa chini ya paa moja. Mwalimu wake alikuwa mama mkwe wake.