Mstari Mwekundu kwenye Kadi ya Mama Chebet

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Karani Mkuu wa shamba letu la majani chai huko Kericho alinipa rula, kalamu nyekundu na boksi la kadi za matibabu. Kadi ilikuwa na jina la mfanyakazi, na chini yake wategemezi, yaani bibi na watoto. Hao zahanati ya shamba iliwatibu bure. "Mtu akitoka, piga mstari," akaniambia. "Usiulize mambo ya watu." Nami, mjinga, nikawa najisifu jinsi mistari yangu ilivyonyooka.

Ndipo akaja baba Chebet, mchuma majani. Alikuwa amemwacha mkewe, akamrudisha kwao Silibwet, na sasa ameoa mwingine. Barua ya chifu ya kuthibitisha hayo alikuwa nayo. Kadi ilikuwa na nafasi ya bibi mmoja tu. Nikapiga mstari mwekundu kwenye jina la zamani, nikaandika jipya. Haki ya Mungu, sikuuliza kitu.

Wiki iliyofuata Mama Chebet alisimama kwenye dirisha langu na chupa tupu ya insulini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na zahanati ilimwambia hayuko kwa kadi. Nesi alimwonea huruma, akampa dawa ya siku chache tu.

"Karani, bwana ameniacha," akasema. "Ugonjwa bado ninao."

Niliona aibu, nikataka kujificha chini ya meza. Nikaenda kwa Ofisa wa Wafanyakazi, mtu mkali kweli. "Kanuni inasema mke," akanijibu. "Huyu ni mke wa nani?"

Mchana huo huo nikaenda Silibwet, kwa mzee aliyesimamia harusi yao. Sisi Wakipsigis, bibi na bwana hufungana nyasi mkononi, na wazee ndio mashahidi. Mzee alikasirika. "Chifu aandike anavyotaka! Sisi tulifunga, na hatujafungua. Huyu mama akifa leo, ni nani atamzika? Si huyo huyo bwana yake?" Nikaandika maneno yake, akaweka kidole gumba.

Ofisa alisoma mara mbili. "Wee karani, unaniletea nyasi kwa ofisi?" Kisha akashika kadi, akacheka kidogo. "Kanuni haijasema bibi ni wangapi. Ni hii kadi yenu ndiyo fupi. Bandika karatasi chini, niweke sahihi." Mama Chebet akapata dawa yake, mwezi baada ya mwezi.

Tangu hapo kila karani niliyemfundisha nilimwambia: kabla ya rula, uliza kama mtu yuko kwa dawa. Wengine walinicheka.

Siku yangu ya kustaafu, karani mpya, mama mmoja niliyemfundisha mwenyewe, alitoa kadi yangu na kuiwekea rula. Nikaangalia kando. Kalamu haikusonga.

"Mzee, uko kwa dawa yoyote?"

"Presha," nikasema.

Akafunika kalamu, akaenda kumtafuta Ofisa.